Kupiga Windows upya: uliza kwanza diski inasemaje

Swali: "Nina duka la steshenari Morogoro. Natumia kompyuta mpakato ya mtumba, Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 4, diski GB 500. Kuwaka tu inachukua dakika kumi, Word inaganda, na mara nyingine mshale unatembea lakini nikibofya hakuna kinachojibu. Fundi alipiga Windows mwezi wa kwanza, ikawa nzuri wiki tatu kisha ikarudi palepale. Mwezi wa sita akapiga tena, ikawa hivyohivyo. Sasa anataka kupiga mara ya tatu. Hesabu zote za duka zimo humo, kwenye QuickBooks. Nikubali?"

Jibu: Dada, usikubali bado. Kompyuta ikipigwa Windows, yaani ikiwekewa Windows upya, mara mbili na ugonjwa uleule ukarudi mara zote mbili, mara nyingi tatizo haliko kwenye Windows. Kwa dalili ulizozitaja, naishuku diski kwanza na RAM ya pili. Vyote viwili unaweza kuvihakiki mwenyewe leo, bila kufungua skrubu hata moja na bila kufuta chochote.

Wengi hudanganyika kwa sababu kompyuta kweli ilipona kwa wiki tatu. Ilipona kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: Windows mpya haina programu zinazojiwasha zenyewe, haina masasisho yaliyokwama wala kivinjari chenye vichupo thelathini. Ya pili ni ya ndani zaidi, na ndiyo inayokuhusu. Diski ya kuzunguka (HDD, kama inavyoelekea kuwa hiyo yako ya GB 500) inapoanza kufa, baadhi ya sekta zake, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi data, husomeka kwa shida. Diski huziweka sekta hizo kwenye orodha ya kusubiri, na haiwezi kuzitoa mpaka zisomeke vizuri au kitu kipya kiandikwe juu yake. Fundi anapopiga Windows, gigabaiti nyingi za data mpya zinaandikwa juu ya sehemu ileile ya mwanzo wa diski. Sekta nyingine zinakubali maandishi mapya, nyingine diski inazizika na kutumia za akiba badala yake. Orodha ya kusubiri inapungua na kompyuta inakimbia. Lakini uso wa diski unaendelea kuharibika, na baada ya wiki kadhaa sekta nyingine zinaingia kwenye foleni ileile. Ndiyo maana unafuu ulikuwapo na haukudumu.

Sasa tuthibitishe. Washa kompyuta, isubiri itulie, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke. Ikiwa dirisha ni dogo, bofya "More details". Nenda "Performance", kisha "Disk 0". Huko angalia vitu vitatu kwa pamoja: "Active time", "Average response time", na kasi ya kusoma na kuandika. Ukiona "Active time" imeganda kwenye asilimia 100, huku kasi ya kusoma ni kilobaiti mia chache kwa sekunde na muda wa kujibu ni milisekunde 1,000, 2,000 au zaidi, hiyo ni diski inayohangaika kusoma kitu kisichosomeka. Diski nzima ya kuzunguka, ikiwa na kazi nyingi, hujibu ndani ya makumi ya milisekunde. Ikielemewa sana inaweza kufika mia moja au mia mbili. Ukibofya kitu kikajibu baada ya sekunde nyingi huku mshale ukitembea bila shida, sababu ni hiyohiyo: prosesa (CPU) iko huru, inachosubiri ni diski.

Palepale bofya "Memory". Kama kati ya GB 4 zimetumika 3.6 kabla hujafungua lolote la maana, basi RAM nayo ina kesi. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye faili la akiba lililo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi mchezo huo, kwa kuwa hufanya takribani oparesheni mia moja tu ndogondogo kwa sekunde, wakati SSD ya SATA (diski ya kielektroniki isiyozunguka) hufanya makumi ya maelfu. Tofauti kati ya RAM iliyojaa na diski inayokufa iko hapa: RAM ikiwa ndiyo shida, ukifunga Chrome kompyuta inapata nafuu ndani ya dakika moja au mbili. Diski inayokufa haijali umefunga nini.

Uthibitisho wa mwisho ni kuisoma taarifa ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure na ni faili dogo. Ukiifungua itakuonyesha neno moja kubwa: "Good", "Caution" au "Bad". Usiishie kwenye neno hilo. Tazama mistari yenye namba 05, C5 na C6. Mstari wa 05 unahesabu sekta zilizokwisha kuzikwa, C5 zile zinazosubiri, na C6 zile zilizoshindikana kabisa. Namba zake kwa kawaida huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo "18" pale maana yake ni 24. Ukitaka namba za kawaida nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague "10 [DEC]". Kwa diski yenye hesabu za duka, C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, hiyo diski imestaafu. Mstari wa 05 ukiwa na sekta chache ambazo hazijaongezeka kwa muda mrefu, diski inaweza kuendelea na kazi zisizo na uzito. Zikiongezeka wiki hadi wiki, haifai tena. Kuna pia C7: ukiuona unapanda huku mingine ni sifuri, mara nyingi kosa ni waya au kiunganishi, na tiba yake ni kuchomoa na kuchomeka upya au kubadili waya.

Kwa kuwa yako imeshapigwa Windows mara mbili, angalia kwa makini huo mstari wa 05. Upigaji huo unaweza kuwa umeshusha C5 na kupandisha 05. Fundi akikuonyesha C5 iko sifuri akasema diski ni nzima, mwambie na 05 aisome.

Ushahidi mwingine upo kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows: fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta matukio ya chanzo "disk" yenye namba 7, linalosema kuna bloku mbovu, au 153, linalosema ombi la kusoma au kuandika lilibidi lirudiwe. Hapa kuna hasara ya kupiga Windows ambayo watu hawaihesabu: kumbukumbu hizi zote hufutika. Kila upigaji unampa fundi anayefuata kompyuta isiyo na historia ya ugonjwa.

Ukikuta diski ni mbovu, kuna jambo moja la kufanya kabla ya mengine yote: toa data. Usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski ambayo mafundi wengi huikimbilia. Amri hiyo husoma diski nzima sekta kwa sekta. Kwa diski ya GB 500 iliyochoka inaweza kuchukua siku nzima na kuimalizia nguvu kabla hujanakili faili hata moja. Usinakili pia kwa kuburuta folda kubwa kwa mshale, maana faili moja lisilosomeka litakwamisha kazi yote. Chomeka diski ya nje, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike hivi, ukiweka jina la mtumiaji wako na herufi ya diski yako ya nje:

robocopy C:\Users\jina E:\bakapu /E /XJ /R:1 /W:1

Hizo /R:1 na /W:1 si pambo. Usipoziweka, robocopy hurudia faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, nawe utadhani inafanya kazi kumbe imeganda kwenye picha moja. Ukiziweka, inajaribu mara moja tena, inaliacha, inaendelea, na mwishoni inakupa hesabu ya faili zilizoshindikana. Hayo yaliyoshindikana, kama yana thamani, yaachiwe mtu mwenye ddrescue: programu ya Linux inayonakili kwanza sehemu nzima za diski, kisha inarudi kwenye sehemu mbovu.

Hesabu zako za QuickBooks huenda hazimo ndani ya folda yenye jina lako. Mahali pake pa kawaida ni C:\Users\Public\Documents\Intuit\QuickBooks\Company Files, kwa hiyo nakili na hapo. Faili unalolitafuta linaishia na .QBW. Juu ya kulinakili hivyo, fungua QuickBooks yenyewe utengeneze bakapu kutoka ndani, yenye .QBB, maana programu inaweza kulikagua faili inapolihifadhi. Kisha, kama unaweza kupata kompyuta nyingine yenye QuickBooks ya toleo lilelile, irejeshe huko uone kama mizania inafunguka. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa isikupe usingizi. Usisahau namba ya leseni ya QuickBooks, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, draiva ya printa, na faili za wateja zilizoachwa kwenye Downloads.

Usimwone fundi wako kuwa ana nia mbaya. Kupiga Windows huchukua saa moja hivi, flashi anayo mfukoni, na mteja anaondoka akiona kompyuta inakimbia. Kuchunguza kunachukua muda, na wateja wengi hawako tayari kulipia uchunguzi. Lakini ushauri wa "tupige Windows" unaotolewa kabla mtu hajafungua hata Task Manager si uchunguzi. Swali la kumuuliza ni hili: "Umeona nini kinachoonyesha kuwa Windows ndiyo mbovu?" Fundi mzuri atakuwa na jibu na atakuonyesha kwenye skrini.

Nasisitiza kwa sababu matatizo ambayo Windows mpya haiwezi kuyagusa ni mengi, na mengine yanafanana kabisa na yako. Mfano ni kompyuta za Dell zikichomekwa chaja isiyotambulika, au chaja halisi ambayo pini yake nyembamba ya katikati imepinda. Kompyuta ikishindwa kuitambua chaja, inaweza kujibana kasi kwa makusudi: kwenye Task Manager, kichupo cha CPU, utaona "Speed" imeganda karibu na GHz 0.79 au chini ya hapo, wakati "Base speed" ni 2.40. Piga Windows mara kumi, itabaki hivyohivyo. Badili chaja, inapona palepale. Vumbi likiziba feni, au pasta ya joto ikikauka, prosesa nayo hujipunguza kasi. Dalili yake ni kwamba kompyuta ni nyepesi dakika za mwanzo kisha inazidi kuwa nzito kadiri inavyopata joto. RAM yenye hitilafu huleta skrini ya bluu zenye majina tofautitofauti kila siku, na kupiga Windows juu ya RAM mbovu ni hatari zaidi, kwa kuwa faili za mfumo zinaweza kuharibika wakati uleule zinaponakiliwa. Pima RAM kwa mdsched.exe, kipimo kilichomo ndani ya Windows, au bora zaidi programu ya MemTest86 iachwe usiku kucha.

Halafu kuna betri ndogo ya CR2032. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka, kivinjari kikaanza kusema kila tovuti si salama, na mtu anaambiwa ana virusi. Kwenye baadhi ya kompyuta betri hiyo ikiisha, mipangilio ya bayosi (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) nayo hurudi ya kiwandani, hali ya SATA, yaani namna kompyuta inavyowasiliana na diski, inabadilika kutoka RAID kwenda AHCI au kinyume chake, na Windows inagoma kuwaka ikionyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski ni nzima, Windows ni nzima, data zipo. Kurudisha mpangilio mmoja kunatosha.

Hata pale ambapo kosa kweli ni la programu, kufuta kila kitu bado si hatua ya kwanza. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zilisimama na mabenki yakakwama. Tiba iliyotolewa ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) na kufuta faili moja lenye jina linaloanza na C-00000291. Aliyekimbilia kufomati siku ile alijiongezea kazi na hasara.

Kwa hiyo mpangilio wa matibabu ya programu ni huu. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho au programu mpya, itoe hiyo, au tumia rstrui (System Restore) kurudisha Windows kwenye hali ya siku ya nyuma. Likibaki, endesha amri hizi mbili kwenye Command Prompt ya msimamizi kwa mfuatano huu, wala si kinyume chake, kwa sababu ya kwanza hutengeneza ghala ambalo ya pili huchukulia faili zake:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

DISM huvuta faili kutoka Windows Update, kwa hiyo inakula bando. Mwenye flashi ya Windows ya toleo lilelile anaweza kuielekeza huko kwa kuongeza /Source na /LimitAccess. Zikishindwa zote mbili, fungua faili la ISO la Windows (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha) ukiwa ndani ya Windows yenyewe, bofya setup.exe, uchague kubaki na faili na programu zako. Hapo Windows nzima inabadilishwa lakini QuickBooks, printa na nyaraka zinabaki. Masharti yake: ISO iwe ya lugha na aina ileile, Pro kwa Pro, isiwe toleo la zamani kuliko lililopo, na uwe na nafasi ya kama GB 20. Njia hii haitumiki vya kutosha mitaani, nami naiona kuwa bora kuliko "Reset this PC" yenye "Keep my files", kwa kuwa hiyo hubakiza nyaraka lakini huondoa programu zako zote.

Kupiga Windows kuanzia sifuri nako kuna mahali pake halali. Diski mpya ikiwekwa, inahitaji Windows. Ukinunua kompyuta ya mtumba, pigisha siku ya kwanza, kwa kuwa hujui mwenye zamani aliacha nini ndani. Kompyuta ikiingiliwa na virusi vinavyoiba nywila au vinavyofunga faili na kudai fedha, usihangaike kusafisha: tengeneza flashi ya GB 8 kwenye kompyuta nyingine safi kwa Media Creation Tool, futa patisheni (migawanyo ya diski) zote, piga upya, na nywila za barua pepe na benki uzibadilishe kutoka kifaa kingine. Na pale ambapo DISM, sfc na setup.exe vyote vimegonga mwamba huku diski na RAM vimepimwa vikaonekana vizima, hapo fundi akisema apige, ana haki.

Siku hiyo ikifika, kataa Windows ambayo leseni yake inawashwa kwa vile viprogramu vya kuvunja leseni. Vingi hukutaka uzime kinga ya Defender kwanza, na ukishaizima hujui kilichoingia pamoja navyo. Kabla ya kufuta chochote, fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikitoa herufi na namba 25, kompyuta ina leseni yake ndani ya bayosi. Windows ya aina ileile ikipigwa, leseni yake itajiwasha yenyewe pindi ikipata intaneti. Mafundi wengi huweka Pro juu ya mashine yenye leseni ya Home, leseni haikubali, kisha wanaleta kile kiprogramu kutatua tatizo walilolitengeneza wenyewe. Draiva nazo zihifadhi mapema: tengeneza folda E:\draiva, kisha uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, usije ukabaki na kompyuta isiyo na Wi-Fi ya kupakulia draiva ya Wi-Fi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, hakikisha unayo ile namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48 kabla mtu hajagusa bayosi.

Kwa kompyuta yako, dada, kama CrystalDiskInfo itathibitisha ninachokishuku, fedha ya kupiga Windows mara ya tatu iingize kwenye SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 480, na kipande cha RAM cha GB 4 au 8 cha kuongezea. Mashine za kizazi cha 6 nyingine hutumia DDR4 na nyingine DDR3L, na hazichomekeani, kwa hiyo fungua CPU-Z, kichupo cha Memory, usome aina kabla ya kwenda dukani. Diski yako ikiwa na sekta mbovu, usiruhusu inakiliwe nzima kwenda SSD, kwa kuwa faili za mfumo zilizoharibika zitahamia nazo. Hapo ndipo Windows mpya inapofaa: juu ya diski mpya, kisha QuickBooks, kisha bakapu yako irejeshwe.

Jambo moja zaidi la kujua kabla hujalipa. Prosesa ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha 8, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa kujiandikisha, hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inaweza kulazimishwa kwenye mashine kama yako na ikafanya kazi, ila Microsoft haiahidi kuendelea kuipa masasisho. Kwa hiyo nunua SSD ya kawaida, si ya gharama kubwa. Utaweza kuihamishia kwenye kompyuta yoyote utakayonunua baadaye, mradi tu ina nafasi ya diski ya inchi 2.5.

Diski ya zamani usimwachie fundi wala usiiuze. Iweke kabatini mpaka umefunga hesabu za mwezi mzima kwenye SSD na umehakikisha hakuna ankara iliyopungua, kisha iharibu kwa kuitoboa, kwa sababu majina na namba za wateja wako bado zimo.